Ugali wa Ngumi Moja

Mwiko ulivunjikia kwenye paji la uso la mdogo wangu siku ya Jumapili, muda mfupi baada ya mimi na mke wangu kutoka kanisani. Ulikuwa mwiko mzito wa kusongea ugali, ambao mke wangu aliubeba kutoka kwetu magharibi tulipohamia Eldoret. Nilisikia mlio wake kabla sijaona damu. Kisha damu ikashuka, ikapita kwenye jicho, ikafuata pua, ikadondokea kwenye sufuria iliyokuwa bado inatokota. Mke wangu alisimama mbele yake akiwa ameshika kipande cha mti kilichobaki, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umegandwa na ugali wa moto. Mimi nilikuwa sakafuni. Nilikuwa nimeanguka nikijaribu kuwafikia, na bandeji ya mguu wangu ilikuwa inalowa.

Sote watatu tumebatizwa. Tulikuwa tumefika hapo kwa sababu ya chakula, na nitaeleza ilivyokuwa.

Ugonjwa wa sukari ulinipata baada ya kustaafu kazi ya ukarani katika ghala la nafaka. Siku moja msumari wa kiatu uliniingia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, nikatembea nao tangu asubuhi mpaka jioni bila kusikia kitu. Mke wangu ndiye aliyeona soksi imekuwa nyekundu. Kidole kikavimba, kikageuka rangi, kikawa cheusi kama kiazi kilichooza. Daktari alikikata nikiwa macho, sehemu ya chini ya kiuno ikiwa imekufa ganzi. Sikuhisi uchungu, ila masikio yangu hayakuwa na ganzi. Nilisikia chuma kikibana mfupa, nikasikia mfupa ukikubali, halafu nikasikia kidole changu kikianguka kwenye beseni.

"Mzee, leo nimechukua kidole," daktari aliniambia akivua glavu. "Sukari ikibaki hapo ilipo, utarudi, na nitakata hapa." Akapitisha ncha ya kidole chake chini ya goti langu, pole pole, kama fundi anayepima mbao.

Kwa hiyo nilijua kabisa ni nini kilichokuwa hatarini. Mguu wangu ungeponea kwenye sahani au ungepotelea hapo hapo. Shida ni kwamba kila mtu alijua sahani hiyo ilipaswa kuwa na nini, na hapakuwa na wawili waliokubaliana.

Mtu mmoja wa redio alisema wanga wote ni sumu, mgonjwa ale nyama na mafuta peke yake. Binti yetu aliye Nairobi akatuma sauti kwenye simu, akasema nyama ndiyo sumu, nile matunda mpaka saa sita. Muuza mizizi karibu na soko akaniuzia chupa ya maji machungu na kuniambia nitupe vidonge vya hospitali. Nilikunywa kijiko kimoja nikatapika mpaka nikaona nyota, na mke wangu akaivunja chupa ile kwenye jiwe la kufulia.

Hata kanisani hapakuwa salama. Baada ya ibada huwa tunakunywa chai uani. Jumapili moja mzee mwenzangu wa baraza aliniona na kikombe, akanipiga mkono, chai ya moto ikanimwagikia pajani.

"Unataka kufa ukiwa kwa compound ya Mungu?" akafoka.

"Mwache anywe!" mzee mwingine akadakia. "Chai haina makosa. Ni hiyo mandazi."

"Wewe umesomea udaktari wapi?"

"Na wewe umesomea wapi kumwagia watu chai?"

Wakashikana makoti. Wanaume wawili wenye mvi, ambao nusu saa kabla walikuwa wamesimama pamoja wakikusanya sadaka, walisukumana mpaka meza ya mandazi ikapinduka. Akina mama wakawatenganisha kwa kelele. Mimi nilibaki nimesimama na paja linaungua, nikamshukuru Mungu kwa ndugu wanaonipenda kiasi hicho, nikamwomba pia awapunguzie.

Lakini kosa kubwa lilikuwa letu wenyewe, na ni kosa la watu wa kwetu. Tulisikia kwamba ugali mweupe ni mbaya na ule wa wimbi na mtama ni mzuri. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba chakula fulani ni kizuri, yeye anaelewa kwamba kinaliwa mpaka mtu ashibe, na kushiba kwetu ni kushiba kwelikweli. Mke wangu alikwenda mji mdogo wa Ziwa siku ya soko, akanunua wimbi na mtama, akachanganya na muhogo mkavu, akasaga. Kila jioni alinisongea mlima mweusi, nami niliumaliza na kukwangua sahani. Tulifurahi sana. Tulikuwa tumepata dawa inayofanana na chakula.

Kidonda kikaanza kunuka. Tuliporudi kliniki, kipimo cha sukari kilimfanya nesi apime tena akidhani mashine imeharibika. Akachukua mkasi akaanza kukata nyama iliyokufa pembeni mwa kidonda, kipande baada ya kipande, mpaka ikatokea ile inayotoa damu. Mtaalamu wa lishe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya msingi, alipigiza kiganja mezani.

"Mama, hiyo ni ugali! Ikuwe nyeupe, ikuwe nyeusi, hiyo ni ugali! Rangi haifukuzi sukari!"

Akaushika mkono wangu, akanikunja vidole kimoja kimoja, akauinua ule mkono mbele ya mke wangu. "Hii ngumi yake ndiyo kipimo. Ngumi moja. Nusu ya sahani jaza mboga ya majani. Pale panapobaki weka maharagwe, ama samaki, ama yai. Na hizo zingine mnasikia kwa redio na kwa simu, muwache huko huko."

Kuanzia siku hiyo mke wangu aliziba masikio kwa wengine wote. Kopo la sukari alilipigiza ukutani, likapasuka, sisimizi wakala kwa furaha. Wakati wa chakula alileta ugali mdogo na kuniambia, "Kunja." Nikikunja ngumi, yeye aliiweka sahani karibu nayo na kulinganisha, na ugali ukizidi aliukata kwa mwiko bila huruma. Sahani yote iliyobaki ilikuwa mboga za majani za kwetu: managu, au saga, au kunde. Njaa ya mtu aliyezoea mlima si ya kuchekewa. Ilinipiga tumboni kama kwato. Niliiombea kama ninavyoombea majaribu mengine, na Mungu alinijalia kuivumilia mlo baada ya mlo. Sukari ikaanza kushuka. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Na mwili wangu ukapungua, mashavu yakaingia ndani, koti la ibada likaning'inia.

Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyonikuta.

Yeye amekodi shamba la mahindi karibu na Moi's Bridge. Ni mtu mkubwa, shingo kama ya fahali, na hana muda wa safari. Tulikuwa tumezungumza kwa simu tu tangu nikatwe kidole. Jumapili hiyo alikuja amebeba gunia dogo la unga mpya begani na jogoo mwekundu kwapani, na aliponiona mlangoni akasimama.

"Kaka, umekuwa kamba."

"Ni chakula nimebadilisha. Sukari inashuka."

"Chakula gani hiyo mtu anakula anakonda?"

Hapa inafaa kusema jambo moja. Baba yetu alikufa amekonda, mbavu zinahesabika. Mimi nilikuwa tayari kazini mjini. Mdogo wangu ndiye aliyebaki nyumbani akimlisha uji kwa kijiko, na uji ukitoka pembeni mwa mdomo. Kwake yeye kukonda na kufa ni kitu kimoja.

Mke wangu akaandaa meza. Mbele ya mgeni akaweka ugali mkubwa mweupe na samaki. Mbele yangu akaweka sahani yangu. Katika desturi yetu, ndugu wawili hukata ugali mmoja. Kumtengea ndugu sahani yake ni kama kumwambia kwamba mkono wake haukubaliki. Tulikuwa tumezoea kula hivi mpaka tukasahau jinsi mtu mwingine angeona. Mdogo wangu aliziangalia sahani zote mbili kwa muda mrefu.

"Shemeji, hii ni ya nani?"

"Ya kaka yako."

"Ya kaka yangu ama ya paka?"

"Ya kaka yako. Ni kipimo ya kliniki."

"Kliniki ndiyo ilimzaa?"

"Haikumzaa, lakini ndiyo ilimkata kidole. Ukitaka wamkate mpaka goti, mwongezee."

"Mimi namjua huyu!" Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Huyu alikuwa anamaliza ugali ya watu watatu ndio anaenda kulima. Wewe unamnyima. Unangoja afe ndio uuze shamba ya baba yetu."

Mke wangu akacheka, kicheko kibaya ambacho nakijua. "Shamba gani? Ile ya mawe? Shemeji, ningetaka kumuua singetumia mboga. Ningekuachia wewe umpikie."

"Sawa. Leo nitampikia."

Nikawaambia wakae. Sauti yangu haikufika. Alikuwa tayari amebeba gunia lake na kuingia jikoni, mahali ambapo mwanamume wa kwetu haingii kwa mke wa kaka yake, na mke wangu akamfuata. Jiko letu liko mkabala na meza, na mlango ulikuwa wazi. Nilimwona akirudisha sufuria motoni, akimimina unga kwa gunia mpaka vumbi likapanda, akikoroga kama anayechanganya saruji.

"Toka jikoni kwangu."

"Ni jiko ya kaka yangu."

"Toka, nimesema!"

Mke wangu akaukamata mwiko. Wakavutana. Mdogo wangu akamsukuma kwa kifua, mke wangu akarudi nyuma, akajishikiza kwa mkono wa kushoto, na mkono ukazama ndani ya sufuria. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake, hata alipokuwa akizaa. Mdogo wangu alishtuka akauachia mwiko. Pigo la kwanza likamwangukia begani. La pili likapata sikio. La tatu nimeshalieleza.

Nilipoinuka nilikanyaga kwa mguu mbaya, na kitu kikapasuka ndani ya bandeji kama mshono wa gunia. Nikaanguka kifudifudi.

Tulikaa hivyo, watatu, jikoni kumejaa moshi wa unga unaoungua. Mdogo wangu alijifuta uso, akatazama kiganja chake chekundu. Huyu ni mtu aliyewahi kukatwa panga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba akaenda kushonwa akipiga mbinja. Lakini sasa aliinama akaokota kipande cha mwiko, akakigeuzageuza.

"Nimepigwa na mwiko," akasema pole pole. "Kaka, umeona? Mwanamke amenipiga na mwiko."

Kwetu wanaamini kwamba mwanamume akipigwa kwa kifaa hicho na mwanamke, nyumba yake inaharibika: mazao, watoto, nguvu zake mwenyewe. Jeraha lingeshonwa na kupona. Hilo lingine halina sindano. Akatoka nje na damu kwenye shati, akamfungua jogoo wake, akaondoka naye.

Mkono wa mke wangu ulitoka malengelenge, ngozi ikabambuka kama ya nyanya iliyochemshwa. Kidonda changu kilikuwa kimefunguka upya. Nesi akarudi na mkasi wake, na daktari akakiangalia. "Mzee," akasema, "umebakiza nafasi ndogo sana. Usiichezee."

Kisha mzee wa ukoo akapiga simu. Alisema mdogo wangu hapati usingizi, wala halimi. Lazima kondoo achinjwe nyumbani kwangu, sisi watatu tule kwenye sahani moja, nyama na mafuta ya mkia na ugali. Asiyekula amekataa amani, na mdogo wangu hatakanyaga tena kwangu, wala mimi kwake, hata siku ya mazishi.

"Nitamwomba msamaha," mke wangu alisema. "Nitapiga magoti hata kwa barabara. Lakini hayo mafuta hayaingii kwa mdomo ya huyu mtu."

Nilikwenda kwa mchungaji wetu. Aliniambia kwamba kama ni tambiko nikatae, na kama ni meza ya kupatana nikae na nishukuru. Nikampigia mzee wa ukoo, nikamwomba tuanze kwa sala na tusiwataje waliokufa. Akakubali kwa kuguna. Lakini mchungaji hakuweza kunisaidia kuhusu mguu, na mwili wangu haukujua tofauti ya mafuta ya amani na mafuta mengine. Najua mtu atasema sahani moja haiui. Mimi pia nilijiambia hivyo. Lakini baada ya sahani hiyo ingekuja ya harusi, kisha ya matanga, kisha ya kutembelewa, kila moja ikiwa na sababu nzuri, na kila anayeipakua angesema, mbona ulikula ile?

Siku ilipofika, mdogo wangu alimchinja kondoo mwenyewe uani. Alimlaza kwa goti moja, akamkaba mdomo, na kisu kikapita mara moja. Damu iliruka ikapiga ukuta wa jirani. Kondoo alipiga mateke muda mrefu kuliko kawaida. Alipomchuna alivuta ngozi kwa nguvu kama mtu anayegombana naye. Nyuzi za mshono zilikuwa bado kwenye paji lake, nyeusi, na hakumtazama mke wangu hata mara moja.

Niliomba. Mzee wa ukoo akaweka sahani kubwa kwenye mkeka, katikati yetu. Ugali ulikuwa umerundikwa mpaka unaelekea kuanguka, na mafuta ya mkia juu yake, meupe, yanatetemeka, mchuzi ukishuka pembeni.

"Mwenye nyumba, anza."

Mke wangu, mkono wake umefungwa kitambaa, aliinamisha kichwa. Mdogo wangu alinikazia macho. Sikuona hasira ndani yake. Alikuwa anangoja nile, nadhani kama alivyongoja zamani baba ameze.

Nikainama, nikaanza kufungua bandeji.

"Kaka, unafanya nini?"

Niliifungua mpaka mwisho, kipande cha ndani kikashikana na nyama, nikakivuta. Nikaunyosha mguu kwenye mkeka, kando ya sahani. Nzi wakafika kabla ya maneno. Mahali pa kidole palikuwa shimo lenye ukingo wa kijivu, na ndani yake kitu cheupe kilichong'aa, na pale nilipoanguka mpasuko ulikuwa umekwenda mpaka karibu na kati ya unyayo.

Mzee wa ukoo akageuza uso. "Funika hiyo. Tunakula."

"Bado," nikasema. "Mdogo wangu, sogea. Angalia vizuri. Ulifikiri kidole hukatwa kama kucha?"

Akasogea kwa magoti. Aliangalia karibu sana, mpaka nikasikia pumzi yake kwenye ngozi. "Hii ni mfupa?"

"Ni mfupa."

"Na hii inaletwa na ugali?"

"Inaletwa na sukari, na ugali mwingi ni sukari. Mke wangu alikuwa anailinda hii, wewe ukaja na gunia."

Mdogo wangu alikaa chini. Halafu akaanza kujipiga paja kwa ngumi, mara ya kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu ambayo ingevunja mtu mwingine. Ghafla akaikamata ile sahani kwa mikono miwili, akasimama, akaitupa. Ilivuka uani ikagonga mti wa parachichi. Mbwa wa mtaa mzima wakaruka ua. Walipigana juu ya mafuta yale kwa meno, wakararuana masikio, mmoja akatoka akilia na jicho limefumba.

"Umemwaga amani!" mzee wa ukoo akapiga kelele. "Umemwaga, wewe mjinga!"

"Mzee, kama kulikuwa na ubaya hapo ndani, mbwa wamekula nayo," mdogo wangu akajibu, akihema.

Mke wangu aliinuka. Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya saga iliyopikwa kwa maziwa, na ugali wangu ule wa siku zote. Akaiweka mbele yetu, akapiga magoti kwa mdogo wangu kama alivyosema angefanya. Mdogo wangu akamega kipande kidogo, akachovya, akatafuna.

"Chungu," akasema.

"Utazoea," mke wangu akamwambia.

Tukala watatu mpaka tukamaliza, na haikuchukua muda. Mzee wa ukoo alisema jambo hilo halihesabiki, na mpaka leo anasema hivyo. Alibeba paja la kondoo akaenda zake.

Sitasema kwamba siku hiyo iliuponya mguu. Kidole cha pili nacho kilikatwa, nikasikia tena kikianguka. Lakini hapo ndipo kisu kiliposimama. Kidonda kilifunga taratibu, kwa miezi ya mboga na maharagwe, na daktari hajalitaja tena goti. Kila nikiamka nauweka mguu chini, nautazama, nashukuru kabla sijasema jambo lingine lolote. Binti yetu bado anatuma sauti. Siku hizi anasema tusile baada ya jua kutua.

Juzi tulikwenda kumzika jirani wa zamani huko nyumbani. Kwenye hema la chakula, mwanamume aliyekuwa akigawa aliniheshimu kama mzee, akanitilia ugali mara mbili, na alipoinua upawa wa tatu mkono mkubwa ukamkamata kola kutoka nyuma, ukamning'iniza mpaka viatu vikaacha nyasi.

"Nani amekutuma umuue huyu mtu?" mdogo wangu alimuuliza.

Mwanamume yule hakuweza kujibu, uso ulikuwa unabadilika rangi. Watu walianza kukimbia, wengine kuja, sufuria moja ikamwagika.

"Shemeji," mke wangu akaita kutoka kwenye benchi la akina mama, bila kuinuka, "mwachilie kwanza apumue, halafu umuulize kama mboga imebaki."

Akamwachilia. Mboga ilikuwa imebaki.